Mgeni wa Gramu 25 Kutoka Alaska

Kuna ndege mdogo wa gramu 25 hivi, Oenanthe oenanthe kwa jina la kisayansi, ambaye baadhi ya wenzake huzaliana Alaska na kukimbilia Afrika Mashariki msimu wa baridi. Hukatiza Asia na Arabuni, takriban kilomita 14,500 kuja na nyingine kama hizo kurudi.

Kumtambua kunahitaji subira tu. Hupenda uwanja wazi wenye nyasi fupi, husimama wima juu ya jiwe au kichuguu. Akiruka, kiuno cheupe huonekana waziwazi, na mkiani kuna alama nyeusi mfano wa herufi T iliyopinduliwa. Jamaa yake, Oenanthe isabellina, huja msimu uo huo, ila weusi wa mkia wake ni mpana zaidi. Lakini macho hayawezi kusema ndege alizaliwa wapi. Wenzake wengi hutoka Ulaya na Asia.

Fumbo hilo lilifumbuliwa kwa mwanga. Watafiti waliwafunga ndege kifaa kisichofika gramu 2, chenye saa na kipima mwanga. Hakirushi habari, hivyo ndege hunaswa tena akirudi. Anayefunga Ramadhani Likoni, Mombasa, anaijua hesabu ya kifaa hicho: sisi hufuturu karibu dakika 20 kabla ya watu wa Kisumu, kwa kuwa tuko mashariki zaidi. Saa za macheo na machweo huonyesha ndege yuko mashariki au magharibi kiasi gani. Urefu wa mchana huonyesha kaskazini au kusini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012.

Tusikimbilie mbali, hata hivyo. Kumbukumbu za Alaska zilitokana na ndege watatu tu, na karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, kipimo cha kaskazini na kusini hulegea.

Ndege huyu hula wadudu. Mkulima wa Kisauni anayepulizia dawa kupita kiasi humpunguzia chakula, na viwanja wazi vikiisha kwa majengo, hana pa kutua. Mvuvi anayeufuata upepo wa kaskazi huenda akamwona mgeni huyu wa msimu huo, japo ndege huyu huonekana zaidi bara kuliko pwani.

Kwa kuwa pwani haonekani sana, mwanafunzi wa Changamwe akiandika tarehe, mahali na umbo la weusi wa mkia, na kupiga picha akiweza, ameongeza maarifa ya kweli. Asiandike kwamba ndege ametoka Alaska, aandike alichokiona.