Bandeji ya kubadilisha shashi: hataza ipo, faida bado

Bandeji yenye shashi inayotoka ina sehemu mbili: fremu ya plasta inayobaki kwenye ngozi, na shashi ya kufyonza damu na usaha, inayobadilishwa ikilowa. Hivyo ngozi haichubuliwi kila kidonda kinaposafishwa, wala plasta nzima haitupwi.

Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001, njia ya kutibu haipewi hataza, ila kifaa cha kutibia chaweza kupewa. Sharti kiwe kipya, kisiwe jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angelibuni kwa wepesi, na kiweze kutengenezwa kiwandani. Upya hupimwa kwa dunia nzima, na bandeji za aina hii zimekwisha kupewa hataza ng'ambo. Kwa hiyo wazo la kubandua shashi peke yake halitoshi. Lenye nafasi ni umbo jipya la mfuko, mkunjo au kishikizo.

Maafisa wa hataza hupenda kutaja miaka 20 ya ulinzi tangu siku ya maombi. Mchuuzi mmoja wa vifaa vya kliniki huko Otonglo, kandokando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, haoni miaka hiyo inamfaa nini. Alishonesha fremu ya kitambaa yenye mfuko wa shashi, akawaonyesha wateja, na muda si muda mwenzake akaiga. Anasema wakala wa kuandika maombi yuko Nairobi, ada hulipwa kila mwaka hata bidhaa isipouzwa, na kesi dhidi ya mwigaji ni juu ya mwenye hataza mwenyewe. Zaidi ya hayo, hataza ya Kenya haizuii mtu kutengeneza bandeji hiyo Uganda na kuiuza hukohuko.

Kuonyesha bidhaa hadharani hakujamfungia mlango: sheria humsamehe mvumbuzi aliyefichua siri yake mwenyewe, mradi aombe ndani ya miezi 12. Akiona hatatimiza kigezo cha ubunifu, ombi laweza kugeuzwa la cheti cha uvumbuzi mdogo, kinachodai upya na matumizi ya kiwandani tu na kudumu miaka 10. Huenda njia hiyo ikamfaa zaidi mfanyabiashara mdogo wa ukanda wa ziwa, ingawa cheti nacho hakimkamati mwigaji. Kinampa mwenyewe haki ya kumshtaki, akiwa na nauli na wakili.