Mashine ya Kuranda ya Mezani

Kila mwanafunzi aliyepita karibu na karakana ya seremala ameiona randa. Ni kipande cha mti au cha chuma, chenye kisu kilichotokeza kidogo upande wa chini. Seremala huisukuma juu ya ubao, na maranda membamba hujikunja na kuanguka miguuni pake. Chombo hiki ni cha kale sana. Randa za Warumi zimefukuliwa katika mji wa Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka wa 79 baada ya Kristo, na umbo lake haliko mbali na la randa za leo. Neno lenyewe, randa, asili yake ni Kiajemi.

Leo tutasoma habari za mashine ndogo ifanyayo kazi hiyo kwa nguvu ya umeme. Mashine hii hukaa juu ya meza, na watu wengi wapendao useremala hununua moja kwa ajili ya karakana zao za nyumbani, hasa katika nchi ya Marekani, ambako watu wengi hufanya kazi ya mbao ndani ya banda la motakaa. Yatupasa kujua mambo mawili: kazi iwezayo kuifanya, na kazi isiyoweza. Asiyelijua jambo la pili ataharibu mbao zake, na fedha yake itapotea bure.

1. Jinsi mashine ilivyopatikana

Mtu akitaka kutandika sakafu ya mbao katika nyumba moja, huhitaji mbao nyingi, nazo zote lazima ziwe na unene mmoja. Ubao mmoja ukiwa mnene na jirani yake mwembamba, watu watajikwaa. Zamani mafundi walizipiga mbao hizo randa kwa mikono, ubao baada ya ubao, siku nyingi.

Basi watu wenye akili wakatafuta njia ya kupunguza taabu hiyo. Mwaka wa 1791 Mwingereza mmoja, Samuel Bentham, alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa mashine ya kuranda. Mwaka wa 1802 Joseph Bramah, naye wa Uingereza, alipata hati kwa mashine yenye gurudumu kubwa lililofungwa visu, likizunguka juu ya ubao. Lakini mashine iliyoenea sana ni ile ya William Woodworth, mtu wa Poughkeepsie katika jimbo la New York, aliyepata hati yake mwaka wa 1828. Yeye aliweka pamoja visu vizungukavyo na rola za kuubana ubao na kuusukuma mbele. Mashine za leo zafuata njia iyo hiyo.

Uvumbuzi huo ulileta faida, ukaleta na ugomvi pia. Mwenye kuimiliki hati aliweza kumtoza ada kila mtu aliyetaka kuitumia mashine, au kumkataza kabisa. Hati ilipasa kwisha mwaka wa 1842, lakini iliongezewa miaka saba. Na kabla hiyo haijatimia, Bunge la Marekani likaiongeza miaka saba tena. Watu wengi walishtakiana, na shauri lilifika hata Mahakama Kuu ya nchi. Mwaka wa 1856 hati ikaisha, na kila fundi akawa huru kuitengeneza mashine hiyo.

Hata hivyo mashine zilikuwa kubwa na nzito, za kufaa viwanda tu. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Ryobi ya Japani ilileta sokoni mashine ndogo ya upana wa inchi 10, ambayo watu wawili waliweza kuibeba bila shida. Kampuni nyingine zikafuata. Ndipo mashine ya kuranda ilipoingia nyumbani.

2. Jinsi ifanyavyo kazi

Chini ya mashine pana meza ya chuma iliyo laini na bapa. Juu ya meza umelala mhimili wenye visu viwili au vitatu, ukienda mbio sana. Mbele ya mhimili na nyuma yake kuna rola mbili, mfano wa kifimbo cha kusukumia chapati. Rola ya kwanza huudaka ubao, huukandamiza mezani, na kuupeleka chini ya visu. Rola ya pili huupokea na kuutoa upande wa pili.

Pembeni au juu ya mashine kuna mkono wa kuzungusha. Ukiuzungusha, visu hushuka karibu na meza. Nafasi iliyopo kati ya visu na meza ndiyo unene wa ubao utakaotoka. Kwa hiyo mbao kumi zikipita katika nafasi moja hutoka zote na unene mmoja. Hii ndiyo sifa kubwa ya mashine hii, nayo ni kazi iliyo ngumu mno kwa randa ya mkono.

Tuchukue mfano wa mashine moja ijulikanayo sana Marekani, iitwayo DeWalt DW735. Hupokea ubao wenye upana hata inchi 13. Ina visu vitatu, na mhimili wake huzunguka mara 10,000 kwa dakika. Basi visu vyake hukata mara 30,000 katika dakika moja. Kwa mwendo wa haraka, ubao husafiri futi 26 kwa dakika, yaani inchi 312. Gawanya 30,000 kwa 312, utaona kwamba kila inchi ya ubao imekatwa mara 96. Kwa mwendo wa polepole ubao husafiri futi 14 kwa dakika, na kila inchi hukatwa mara 179 hivi. Kadiri mikato inavyozidi kuwa mingi katika inchi moja, ndivyo uso wa ubao unavyozidi kuwa laini. Kwa sababu hii fundi hutumia mwendo wa haraka kwanza, ili kupunguza unene, na mwendo wa polepole mwishoni, ili kuulainisha ubao.

3. Kazi isiyoweza kuifanya

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mashine hii hufanya uso wa juu ufuate uso wa chini. Uso wa chini ukiwa umenyoka, na wa juu utanyoka. Lakini uso wa chini ukiwa umepinda, itakuwaje? Rola zina nguvu. Zitaukandamiza ubao uliopinda hata ulale mezani, na visu vitaukata hali umelala. Ukiisha kutoka nje, ubao utarudi katika upinde wake. Umekuwa mwembamba na laini, lakini umepinda kama ulivyokuwa kwanza. Mtu akirudia mara kumi, atapata maranda mengi na ubao mwembamba uliopinda.

Basi hapana budi uso mmoja unyoshwe kwanza kwa njia nyingine. Fundi aweza kuunyosha kwa randa ya mkono, akiweka vijiti viwili vilivyonyoka, kimoja kila mwisho wa ubao, na kuvitazama kwa jicho moja kama vimelingana. Ama aweza kuuweka ubao uliopinda juu ya ubao mwingine ulionyoka, akitia kabari nyembamba mahali penye uwazi ili usitikisike wala kukandamizwa, kisha avipitishe vyote pamoja mashinani. Uso wa juu ukiisha kunyoka, huugeuza ubao, huziondoa kabari, na kumaliza uso wa pili.

Tena, mti una nyuzi zake, na mashine haizijui. Ukimpapasa samaki toka kichwa hata mkia, mkono huteleza. Ukimpapasa toka mkia hata kichwa, magamba huuchoma. Hivi ndivyo ulivyo ubao. Visu vikikutana na nyuzi kwa upande mbaya, huzing'oa badala ya kuzikata, na uso hujaa mashimo madogo. Ni kazi ya fundi kuutazama ubavu wa ubao kabla ya kuutia, na kuona nyuzi zaelekea wapi.

Jambo jingine: usikate mno kwa mara moja. Inchi 1/16 yatosha kwa mti laini, na nusu ya hiyo kwa ubao mpana wa mti mgumu. Haba na haba hujaza kibaba. Na ni vema kupunguza pande zote mbili kwa kiasi kimoja, maana ndani ya ubao mara nyingi mna unyevu kuliko nje. Upande mmoja ukifunguliwa peke yake, ubao hukauka visivyo sawa na kupinda upya.

4. Kabla ya kuinunua

Mashine hii hugharimu mamia ya dola. Mtu atengenezaye kigoda kimoja kwa mwaka haihitaji. Randa ya mkono yamtosha. Lakini mtu atengenezaye meza na makabati hupata faida, kwa kuwa aweza kununua mbao zisizorandwa, ambazo bei yake ni nafuu, na kuchagua mwenyewe unene anaoutaka. Huko Marekani ubao mgumu usiorandwa wa inchi moja hutoka, ukiisha kurandwa pande zote mbili, karibu na robo tatu ya inchi. Ile robo imekuwa maranda. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara huhesabu hasara hiyo kabla ya kulipa.

Tena atazame visu. Visu virefu hunolewa au hubadilishwa vikiwa butu. Mashine nyingine zina visu vidogo vingi vya mraba, vilivyopangwa kwa kuzunguka mhimili. Makali yakiisha, kila kisu hugeuzwa upande mwingine, nazo hupiga kelele kidogo kuliko zile za visu virefu. Lakini bei yake ni kubwa.

Pia aujue umeme wa nyumba yake. Mashine zinazouzwa Marekani hutumia volti 120, na umeme wa majumbani Afrika Mashariki ni volti 230 au 240. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akiletewa zawadi ya mashine kutoka Marekani, asiichomeke ukutani hivi hivi; itaungua mara moja.

5. Hatari zake

Kisu kizungukacho mara 10,000 kwa dakika hakingoji mtu kuondoa kidole. Mkono usiingie kamwe ndani ya mashine wakati umeme umeunganishwa, hata kama mhimili umesimama. Anayebadilisha visu na aanze kwa kuchomoa waya ukutani. Ubao mfupi kuliko futi moja usitiwe, kwa maana waweza kuachwa na rola ya kwanza kabla haujashikwa na ya pili. Hapo visu huurusha. Fundi husimama kando, wala hasimami mkabala na ubao. Msumari mmoja uliosahauliwa katika ubao wa zamani waweza kuharibu visu vyote.

Kelele ya mashine huharibu masikio polepole, bila maumivu, na usikivu uliopotea haurudi. Kwa hiyo fundi huvaa vizibo vya masikio na miwani. Vumbi nalo ni adui. Mwaka wa 1995 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walitangaza kwamba vumbi la mbao laweza kuwaletea watu saratani. Ndiyo sababu mashine hufungwa bomba la kuvuta maranda na vumbi, na fundi hufunika pua na kinywa.

Twaona, basi, ya kuwa mashine imempunguzia seremala jasho, lakini haikumpunguzia elimu. Kuutazama ubao, kuzijua nyuzi, kuunyosha uso wa kwanza, na kuilinda mikono yake, hayo yote ni yake bado. Mtu aliyejifunza randa ya mkono kwa bidii akipewa mashine hii, hupata msaidizi mwema. Asiyejifunza akipewa, huharibu mbao upesi kuliko zamani.

Maswali

1. William Woodworth aliweka pamoja vitu gani katika mashine yake?
2. Kwa nini ubao uliopinda hutoka mashinani umepinda vilevile?
3. Eleza njia mbili za kuunyosha uso wa kwanza wa ubao.
4. Mhimili una visu viwili na huzunguka mara 9,000 kwa dakika. Ubao husafiri inchi 300 kwa dakika. Kila inchi hukatwa mara ngapi?
5. Kwa nini fundi hasimami mkabala na ubao unaorandwa?