Mwendo wa Wimbo, Mwendo wa Moyo

Umeshawahi kujiuliza kwa nini wimbo mmoja unakufanya umkumbuke mtu wako mpaka machozi yanakulengalenga, na mwingine, wenye maneno karibu yale yale ya mapenzi, unakunyanyua kwenye kiti ukacheze? Wengi tunadhani siri iko kwenye maneno, au kwenye sauti ya mwimbaji. Kweli, vyote vina kazi yake. Lakini kuna kitu kinachotangulia kufika moyoni kabla hujaelewa hata neno moja, nacho ni mwendo. Wimbo unatembea taratibu au unakimbia? Mara nyingi hisia huanzia hapo.

Na kwa mnaoishi wawili, hili si la wanamuziki peke yao. Mziki unaopigwa ndani ya gari, sebuleni au mezani unaweza kuwaweka sawa, au ukawaongezea moto wakati tayari mmeshachemka.

MOYO NAO UNA MDUNDO

Wanamuziki hupima mwendo kwa kuhesabu mapigo kwa dakika. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kwa hiyo wimbo wa kubembeleza wenye mapigo 60 au 70 unatembea bega kwa bega na moyo uliopumzika. Disko huzunguka kwenye 120, mwendo wa mtu anayewahi basi. Singeli, iliyozaliwa Uswahilini Dar es Salaam, hupita 200 na nyingine hukaribia 300! Hapo hakuna cha kubembelezana, hapo ni jasho tu.

Mwili haubaki kuwa mtazamaji. Mwaka 2006 Luciano Bernardi wa Italia na wenzake walichapisha utafiti wao kuhusu watu 24, nusu yao wanamuziki. Mziki wa kasi uliharakisha pumzi na mapigo ya moyo, ukapandisha na presha. La kushangaza ni kwamba mwendo ulikuwa na nguvu kuliko suala la nani anapenda mziki gani. Na lingine zuri zaidi: walipouzima mziki kwa dakika mbili, watu walitulia kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza kusikiliza. Kumbe hata ukimya ni sehemu ya wimbo. Tutaurudia hapo chini.

MALAIKA MMOJA, NYUSO MBILI

Chukua wimbo ambao kila mtu wa Afrika Mashariki anaujua, Malaika, uliopata umaarufu kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya miaka ya 1960. Ni kilio cha kijana anayempenda binti lakini hana mali ya kumwolea. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutoa kwenye albamu yao kwa mwendo wa pole, kila neno likapewa nafasi ya kuuma. Ukiusikiliza hivyo, unamwonea huruma yule kijana.

Mwaka 1981 kundi la Boney M. la Ujerumani likaurekodi upya kwa mdundo wa disko. Kijana ni yule yule na mfukoni hana kitu vile vile, lakini safari hii unamsindikiza kwa kucheza! Maneno hayakubadilika maana. Kilichobadilika ni mwendo na vyombo, na hisia zikahama nazo.

Wakongo waliligundua hili zamani, wakaliweka ndani ya wimbo mmoja. Rumba yao huanza polepole, mwimbaji anasimulia masaibu ya mapenzi, wewe na mwenzio mmeshikana kiunoni. Halafu ghafla inaingia sebene: magitaa yanachukua usukani, ngoma inakaza, mnaachana mikono na kila mtu anacheza alivyojaliwa. Bendi za dansi Tanzania nazo zilijenga nyimbo nyingi kwa mpango huo huo. Kwanza uchungu unaelezwa, kisha unachezwa mpaka utoke. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda dansini ana majonzi ya kuachwa, akarudi amechoka miguu lakini roho nyepesi.

MIZANI SI HESABU TU

Kwenye mashairi hakuna mpiga ngoma, lakini mwendo upo. Uko kwenye mizani, yaani hesabu ya silabi. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na katikati pana kituo cha kuvuta pumzi. Mwendo huo ni wa mtu anayejadili jambo: anasema, anapumzika, anamalizia. Utenzi una mizani 8 tu kwa mshororo. Ni kifupi, kinasonga mbele, kinafaa kusimulia hadithi ndefu bila kumchosha msikilizaji.

Lakini hapa usikosee. Mizani peke yake haitoshi kuamua hisia. Tenzi za vita zilitungwa kwa mizani hizo 8, na Mwana Kupona wa Pate alitumia hizo hizo mwaka 1858 alipokuwa mgonjwa, akimwachia binti yake wosia kuhusu maisha na ndoa. Kipimo kimoja, mambo mbalimbali kabisa. Tofauti inaletwa na anayeghani. Kwenye vita anakaza, maneno yanafukuzana. Kwenye wosia wa mama anavuta irabu ya mwisho, anakuachia nafasi uyameze maneno kabla hajakuongezea mengine.

Sasa jiangalie wewe mwenyewe. “Uko wapi? Mbona kimya? Nijibu.” Huo ni mwendo wa singeli! Linganisha na: “Nimekaa nakuwaza tu hapa, ukipata nafasi nipigie, mpenzi.” Zote zinaomba kitu kimoja, simu. Lakini ya kwanza inampandisha mwenzio mapigo ya moyo, ya pili inamshusha. Na kwenye ugomvi ni hivyo hivyo. Mmoja akiharakisha maneno, na mwingine anaharakisha, mwishowe hakuna anayemsikia mwenzake. Anayepunguza mwendo kwanza hajashindwa. Ameipa nafasi hoja yake isikike.

MEZANI PIA UNAFANYA KAZI

Wafanyabiashara wameshaujua ujanja huu. Mwaka 1986 Ronald Milliman alichapisha matokeo ya jaribio la kwenye mgahawa mmoja Marekani. Usiku wa mziki wa polepole wateja walikaa wastani wa dakika 56, usiku wa mziki wa kasi dakika 45. Chakula walinunua karibu sawa, ila waliokaa muda mrefu walikunywa zaidi. Basi siku mkitoka wawili, msikilize kwanza spika zinasema nini. Kama mnataka kuongea mambo yenu ya msingi, mahari, watoto, au kuhamia mkoa mwingine, usimpeleke mwenzio mahali ambapo ngoma inawahimiza mmalize mwondoke.

JARIBUNI HAYA

Kwanza, mwenzio akirudi amefura na foleni na bosi, usimrukie na wimbo laini wa kubembeleza. Utamkera. Wanaotibu kwa mziki wana kanuni yao: anza na mwendo unaofanana na hali aliyonayo mtu, kisha shuka kidogo kidogo. Mpe kitu chenye nguvu kwanza, halafu rumba, halafu taarab asilia.

Pili, mkipanga harusi, msimwachie DJ orodha tupu. Mwambieni mwendo wa kila hatua: kuingia ukumbini, kula, kukata keki, kucheza. Akipiga sebene wakati wazee wanatoa nasaha, nasaha imekwenda na maji.

Tatu, muwe na angalau nyimbo tatu zenu za pole. Mwendo una nguvu, lakini kumbukumbu nayo ina zake. Wimbo mliocheza siku mliyojuana unaweza kufanya kazi ambayo wimbo mpya wa mapigo yale yale hauwezi.

Nne, ule ukimya. Usiku, kabla ya kulala, zimeni kila kitu kwa dakika mbili. Televisheni, simu, redio. Msiongee. Baada ya hapo ndipo mwambie lile ulilokuwa unatafuta pa kulianzia tangu asubuhi. Utashangaa sauti yako yenyewe imepungua mwendo, na mwenzio amegeuka kukusikiliza.