Keki Kavu kwa Makusudi

Ukikata kipande cha keki ya jenuazi ukakila hivi hivi, bila shira wala krimu, utadhani keki imeharibika. Ni kavu, inanyonya mate, na haina ladha ya kusimulia. Aliyezoea keki ya siagi ya harusini, ile ambayo kipande kimoja kinakutosha, atasema mpishi kabania vitu. Kumbe ndivyo inavyotakiwa kuwa. Waokaji wa Ufaransa hawaioki jenuazi ili iliwe peke yake. Wanaioka ije inyweshwe.

Keki ya siagi hujibebea kila kitu yenyewe. Unyevu, mafuta, utamu na harufu vyote vimo kwenye rojo tangu inapoingia ovenini, na ukija kuimwagia shira nyingi haina pa kuiweka. Keki ya tabaka ya Kifaransa imegawa kazi: jenuazi inasimamisha umbo, shira inaleta unyevu, krimu ya limau inaleta mafuta na ukali. Ukishaelewa mgawanyo huo hutashawishika kuongeza siagi kwenye jenuazi ili ilainike. Siagi ikizidi, povu la mayai linaanguka, na unachotoa ovenini hakijawa keki ya siagi wala jenuazi.

Jenuazi imepata jina lake kwa Genoa, mji wa bandari wa Italia. Ukifuata pwani hiyo hiyo kuelekea magharibi na kuvuka mpaka wa Ufaransa unaingia Menton, mji uliojijengea jina kwa malimau. Tamasha lake la limau lilianza miaka ya 1930, na tangu 2015 jina la limau la Menton linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya. Lakini huhitaji kuagiza limau Ulaya. Yale ya Kariakoo au ya Marikiti yanatosha kabisa, mradi yawe malimau na si ndimu. Ndimu ina ukali wa kutosha, ila harufu ya ganda lake ni nyingine, na itakupa keki nyingine. Huenda ukaipenda, lakini siyo hii.

Tuanze na hewa. Jenuazi ya asili haina hamira wala baking powder. Kinachoiinua ni hewa iliyofungiwa ndani ya mayai, basi. Kwa chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 20, chukua mayai 4, sukari gramu 120, unga wa ngano gramu 90, konflawa gramu 30 na siagi gramu 40. Tumia mizani. Vikombe vinadanganya, maana unga ulioshindiliwa na ule uliochekechwa hujaza kikombe kile kile kwa uzito tofauti. Konflawa imeingia hapa kwa sababu unga mwingi wa madukani kwetu ni wa matumizi yote, wenye protini ya kuvutika ambayo chapati inaihitaji na jenuazi haiitaki.

Vunja mayai kwenye bakuli, tia sukari, kisha liweke bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto yanayofukuta bila kuchemka. Bakuli lisiguse maji. Koroga kwa mchapo wa waya bila kupumzika mpaka mchanganyiko ufike nyuzijoto 43 hadi 45. Kama huna kipimajoto, chovya vidole viwili uvisugue: uwe moto kidogo kupita mwili wako, na usisikie tena chenga za sukari. Joto hilo linayeyusha sukari, na pia linalegeza protini za yai ili ziweze kutanda kirahisi kuzunguka kila kipovu cha hewa. Mayai yaliyotoka friji moja kwa moja hupigika pia, ila kwa muda mrefu zaidi na kwa povu dogo.

Toa bakuli kwenye mvuke, piga kwa mashine kwa kasi kubwa. Rangi itapauka kutoka njano hadi karibu nyeupe, na ujazo utafika mara tatu ya ulioanza nao. Saa haikusaidii sana hapa. Kipimo ni utepe. Inua mchapo, acha mchanganyiko ushuke wenyewe, uangalie ule utepe unaolala juu. Ukizama papo hapo, endelea kupiga. Ukikaa sekunde kadhaa ukionekana wazi kabla ya kumezwa, umefika. Kisha punguza kasi, uendelee polepole kwa dakika mbili hivi. Wengi huruka hatua hii kwa kuona povu limeshajaa bakuli. Lakini ile kasi ndogo ndiyo inayovunja mapovu makubwa na kuacha madogo yanayolingana, na mapovu madogo hayapandi upesi kutoroka wakati unachanganya unga.

Walio nyanda za juu wana jambo la ziada. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa iliyomo kwenye povu hutanuka zaidi ikipata moto. Povu lililopigwa mpaka mwisho litapanda kwa kishindo ovenini, kisha lizame katikati kabla unga haujashika. Acha kupiga mapema kidogo, utepe ukiwa bado mlegevu. Dar es Salaam na Mombasa hawana shida hiyo. Ya kwao inakuja mbele, kwenye krimu.

Chekecha unga na konflawa mara mbili, uuingize kwa awamu tatu. Pitisha mwiko mpana katikati mpaka chini, uzungushe ukutani na kupindua, huku mkono mwingine ukigeuza bakuli. Siagi iyeyushwe, iwe ya vuguvugu, lakini usiimwage moja kwa moja. Chota vijiko viwili vikubwa vya rojo, changanya pembeni na siagi mpaka viwe kitu kimoja, ndipo urudishe kwenye bakuli kubwa. Mafuta huua povu, na siagi iliyomwagwa ovyo huzama hadi chini. Ukigeuza keki ukakuta tako lake lina ngozi ngumu ya njano inayovutika kama mpira, ndiyo hiyo siagi.

Oka kwa nyuzijoto 180 kwa dakika kama 25, na dakika 20 za mwanzo usifungue oveni. Keki imeiva ikianza kuachia kingo za chombo na ukiibonyeza kwa kidole ikarudi juu. Ikipoa, ifunge vizuri ukaikate kesho yake. Ya leo hii inamong'onyoka. Ya kesho inakubali kisu cha mkate na kutoa tabaka tatu zilizonyooka.

Shira haina maneno mengi. Chemsha sukari gramu 100 na maji mililita 100 mpaka sukari iyeyuke, epua, na maji ya limau, mililita 40, yaingie shira ikishapoa. Ukiyachemsha pamoja unabaki na ukali bila harufu. Iwe nyepesi kuliko shira ya kaimati, maana kazi yake ni kupenya.

Sasa krimu, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Limau ni vitu viwili vinavyokaa sehemu mbili. Ukali uko kwenye maji yake, na karibu wote ni asidi ya sitriki. Harufu iko kwenye vifuko vidogo vya mafuta juu ya ganda la njano. Ukilikunja ganda karibu na mshumaa utayaona yakirukia moto na kuwaka. Chini ya njano kuna nyama nyeupe, na hiyo ni chungu tu. Kwa hiyo kwaruza ganda la malimau 3 kwa kikwaruzo chenye meno madogo, ukisimama pale weupe unapoanza kuonekana. Tia kwenye sukari gramu 200, halafu sugua kwa vidole dakika mbili tatu. Chenga za sukari zinapasua vile vifuko na kunywa mafuta yake, sukari inalowa na kugeuka ya njano hafifu. Jikoni kote kutanukia limau kabla hujawasha moto, na sehemu kubwa ya mafuta hayo imeshabaki ndani ya sukari.

Changanya sukari hiyo na mayai 4 na maji ya limau mililita 160, kwenye bakuli la kioo au la chuma kisichoshika kutu. Nasisitiza bakuli kwa sababu sufuria nyingi za nyumbani kwetu ni za alumini. Asidi huila alumini, krimu ikatoka na ladha ya bati na rangi iliyofifia, na hakuna sukari ya kuifunika ladha hiyo.

Bakuli lirudi juu ya maji yanayofukuta. Koroga mfululizo. Kwa dakika kadhaa hutaona badiliko lolote isipokuwa povu la juu, na utaanza kushuku kwamba moto ni mdogo. Uache hivyo hivyo. Ikikaribia nyuzijoto 80, povu linapotea na mchapo unaanza kuacha njia nyuma yake. Epua kwenye 82 au 83. Yai peke yake lingeshagandamana kabla ya hapo, lakini sukari nyingi inachelewesha protini kushikana, ndiyo maana unaruhusiwa kufika juu hivyo. Ichuje mara moja kwenye chujio la waya kuondoa maganda na kachembe kokote ka yai kalikoiva.

Wapishi wengi wa Kiingereza hutia siagi tangu mwanzo na kuipika humo humo; wanapata krimu nzito ya kupaka kwenye mkate, tamu sana, lakini kwa keki ya tabaka naiona inachosha. Waokaji wa Ufaransa, na Pierre Hermé ndiye anayetajwa zaidi kwa njia hii, huiacha krimu ipoe hadi nyuzijoto 60, ndipo hutia siagi laini kipande kwa kipande ndani ya blenda inayozunguka. Siagi ni gramu 250, wingi wa kumtisha asiyejua. Blenda inaivunja kuwa matone madogo sana, viini vya mayai vinayazuia yasiungane tena, na krimu inapauka na kuwa nyororo. Iendeshe dakika nne au tano, ukipumzisha mota ikipata moto. Mwanzoni italegea kama uji. Ni friji itakayoikazia, usiku mzima kama unaweza. Majarini haifai hapa. Keki ya siagi inaweza kuisamehe majarini, krimu hii haiwezi, maana siagi ndiyo ladha na ndiyo nguzo.

Nguzo hiyo ina udhaifu wake. Siagi hulegea mapema na kuyeyuka kabisa kati ya nyuzijoto 32 na 35, na Dar ya Februari hufika huko bila shida. Kama keki itasafiri au kukaa mezani, loweka jelatini gramu 4 kwenye maji baridi na uiyeyushe ndani ya krimu ikiwa bado moto, kabla ya siagi.

Kupanga hakuchukui muda. Tabaka la kwanza la jenuazi, shira kwa brashi, zaidi pembeni kuliko katikati kwa sababu pembeni ndiko kulikokauka, halafu theluthi ya krimu. Rudia. Tabaka la juu lipake krimu iliyobaki. Wapo wanaofunika keki nzima kwa merengi ya Kiitaliano, ile ya ute wa mayai unaopigwa huku ukimiminiwa sukari iliyochemka hadi nyuzijoto 118, kisha wakaibabua kwa moto. Inapendeza kwenye picha. Mimi huacha ubavu wazi, kwani utamu wa merengi unazima ukali niliouhangaikia.

Keki ikae kwenye friji saa nne kabla ya kukatwa, shira itembee. Itoe nusu saa kabla ya wageni kula, kwa sababu siagi ya baridi kali huficha harufu ya limau. Wa pwani watoe dakika kumi tu. Kisu kichovye kwenye maji ya moto na ukifute kila unapokata, la sivyo krimu ya juu itaburutwa mpaka chini na tabaka hazitaonekana.