Kipimajoto Kihamishwe Uwanjani

Shule ikipata kipimajoto, wepesi wa mambo huwashawishi walimu kukitundika ukutani mwa darasa. Kwa mji kama Kisumu, jambo hilo ni kupotosha somo lenyewe. Ukuta uliopigwa na jua, chini ya paa la mabati, huendelea kutoa joto lake hata upepo wa ziwani unapovuma alasiri. Chombo huonyesha joto la jengo, naye mwanafunzi hulinakili daftarini akidhani ni joto la hewa.

Mahali pake ni uwanjani penye nyasi, mbali na majengo, ndani ya kisanduku cheupe cha mbao kipitishacho hewa, yapata mita 1.2 juu ya ardhi. Kisanduku hicho kilibuniwa na Mskoti Thomas Stevenson, babaye mtunzi wa riwaya tuijuayo kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina.

Hata hivyo, vitabu vilivyoandikiwa Ulaya huagiza mlango wake uelekee kaskazini. Kisumu i karibu mno na Ikweta. Tangu Machi hadi Septemba jua la adhuhuri hupita kaskazini mwetu; miezi mingine, kusini. Seremala na atie milango miwili, na mwalimu afungue ule ulio kivulini.