Joto, Maji ya Moto na Umeme: Kazi Zilizo Ndani ya Uwezo Wako

Akina mama wa Njombe, Makete, Mbeya, Iringa na Lushoto wanaijua vizuri baridi ya Juni na Julai. Mahali pengine sakitu hulala juu ya majani mpaka jua litoke. Ndiyo miezi ambayo watoto hukimbia kuoga, gunia la mkaa halimalizi siku zake, na uniti za LUKU huisha kabla ya mwisho wa mwezi. Katika nyumba nyingi mambo haya huachwa mpaka baba apate nafasi au fundi apatikane. Hata hivyo zipo kazi nyingi ambazo mama anaweza kuzifanya mwenyewe, na zipo chache ambazo hapaswi kuzigusa kabisa. Kuzitofautisha ni jambo la maisha na kifo.

Zuia joto lisitoroke

Kabla ya kufikiria kuongeza moto, zuia joto ulilo nalo. Hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto lake usiku kucha. Kama familia haijamudu dari ya nyumba nzima, anzeni na chumba wanacholala watoto.

Kisha kagua milango na madirisha. Usiku wenye upepo pitisha mkono kwenye kingo. Pale unapohisi ubaridi ndipo penye ufa. Shona mfuko mrefu wa kitambaa, unene wa mkono wako, uujaze mchanga au maranda ya mbao, uulaze chini ya mlango. Mapazia mazito yafungwe mara jua linapozama, wala si wakati wa kulala, maana kufikia hapo joto limekwisha kutoka. Tandika mkeka au zulia juu ya sakafu ya saruji mahali watoto wanapochezea.

Kwa kitanda, jaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, uifunge vizuri na kuizungushia kitenge. Iweke kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kwa kitanda cha mtoto mchanga, iondoe kabla ya kumlaza.

Jiko la mkaa na usingizi havipatani

Hapa tunaomba usome polepole. Kila msimu wa baridi husikika habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mkaa ulioshika vizuri na kuacha kutoa moshi bado unaitoa. Ikiingia mwilini huishikilia damu isiweze kubeba oksijeni. Mtu aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hapati hata onyo hilo, hupitiliza tu.

Basi, usilale na jiko ndani, hata kama limebaki makaa machache, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Jioni mkiota moto sebuleni, fungueni dirisha na mlango, na jiko litoke nje kabla ya mtu wa kwanza kwenda kulala. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mtoe nje penye hewa safi, umkimbize hospitali.

Maji ya moto kwa gharama ndogo

Tufanye hesabu kidogo. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzijoto 15 hadi 40 kunahitaji umeme wa uniti 0.6 hivi. Maji hayo yakianza na nyuzi 30 badala ya 15, zitatosha uniti 0.25. Kwa ndoo mbili kwa siku, akiba ya mwezi ni kama uniti 21. Hizo nyuzi 15 za mwanzo jua linaweza kukupa bure.

Chukua madumu mawili yenye rangi nyeusi, au uyapake rangi nyeusi kwa nje. Yajaze asubuhi na kuyaweka juani, mahali pasipo na upepo, yakiegemea ukuta unaopigwa na jua. Saa kumi jioni, kabla jua halijapoa, yaingize ndani na kuyafunika kwa blanketi kuukuu. Maji ya madumu haya yawe ya kuogea na kufulia, msiyanywe.

Tumia pia moto uliokwisha kuulipia. Ukishaepua ugali, weka sufuria ya maji yenye kifuniko juu ya makaa yaliyobaki. Chemsha maji ya chai mara moja asubuhi, uyahifadhi kwenye chupa ya chai, badala ya kuwasha birika mara nne kwa siku.

Tengeneza na kikapu cha joto. Tafuta kikapu kikubwa, ukitandike ndani kwa mito iliyojazwa maranda makavu au vipande vya blanketi, na ushone mto mwingine wa kufunika juu. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, uyachemshe kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika 30. Usipunguze muda huo, kwa sababu maharage mabichi yana sumu inayoondolewa na mchemko. Kisha ingiza sufuria kikapuni ikiwa bado inatokota, ufunike, uiache saa tatu au nne. Yatokote tena kabla ya kuyaandaa mezani.

Ukimwogesha mtoto, tangulia kuweka maji ya baridi ndani ya beseni, ndipo uongeze ya moto, na uyapime kwa kiwiko. Maji ya nyuzi 60 humchoma mtoto vibaya kwa sekunde chache tu. Akiungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kwenye kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

Wanaotumia hita ya kuzamisha kwenye ndoo wafuate utaratibu huu: hita itangulie majini, ndipo plagi ichomekwe, plagi ichomolewe kwanza, ndipo mkono uguse maji. Ndoo ikae mbali na watoto, wala isiachwe peke yake.

Umeme: unachoweza kufanya

Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Gawanya wati kwa 230 utapata ampea. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13, yaani wati 3,000 hivi. Birika na pasi ya wati 1,000 kwenye ekstensheni moja tayari vimefika mwisho. Ukiongeza hita, waya utapata moto na nyumba inaweza kuungua.

Kubadilisha fyuzi ya plagi ni kazi ya dakika tano. Chomoa plagi, ifungue kwa bisibisi, toa fyuzi iliyoungua, weka nyingine. Redio, taa ya mezani na vifaa vingine visivyozidi wati 700 hutumia ampea 3; pasi, birika na hita hutumia ampea 13. Kamwe usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi hukatika ili nyumba isiungue.

Ukiwa umeifungua plagi, hakikisha nyaya zimekaa mahali pake. Ukiitazama kwa ndani, ule mguu mrefu ukiwa juu, waya wa kahawia uko kulia penye fyuzi, wa buluu kushoto, na wenye mistari ya kijani na njano juu. Skrubu zikazwe, na kibano kishike ganda la nje la waya, si nyaya za ndani. Waya uliochubuka usiufunge kwa plasta, ubadilishe.

Kama kwenye boksi la swichi kubwa kuna breka yenye kitufe cha majaribio, kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Umeme ukikatika, breka ni nzima. Usipokatika, mwite fundi.

Umeme: usichopaswa kugusa

Nyaya za ukutani, boksi la breka, mita, na hita ya bafuni ya kuogea ni kazi za fundi. Hita ya bafuni ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 22. Inahitaji waya wake mnene, breka yake na waya wa ethi. Muulize fundi kama ana leseni ya EWURA, na mwombe akuonyeshe ethi ilipofungwa. Ukigusa bomba na kuhisi mkono unawashwa, soketi ikiwa ya moto, au ukisikia harufu ya kuungua, zima swichi kubwa na usiiwashe mpaka fundi afike.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza. Waonyeshe watoto wakubwa na msaidizi wa nyumbani swichi hiyo ilipo, na kila mmoja ajaribu kuizima mbele yako.

Haba na haba hujaza kibaba. Jumamosi hii shona mfuko wa mlangoni, wiki ijayo paka madumu rangi, na inayofuata kagua plagi zote. Lakini lile la jiko la mkaa lisingoje Jumamosi. Lianze usiku wa leo.