Tetemeko la ardhi lageuka kipimajoto cha bahari

Maji yakipata joto hutanuka. Ndiyo maana joto lililo katika vilindi vya Bahari ya Hindi linawahusu watu wa Unguja, Lamu na Mombasa: sehemu ya kupanda kwa usawa wa bahari hutokana na kutanuka huko. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi chafuzi huishia baharini. Je, tunalipimaje joto lililo chini sana ya maji?

Chombo kinachotegemewa zaidi ni maboya ya mpango wa kimataifa wa Argo, ambayo ni karibu 4,000 duniani kote. Huzama, hupima joto na chumvi, kisha huibuka na kutuma vipimo kwa setilaiti. Lakini mengi yao hayapiti mita 2,000, ilhali wastani wa kina cha bahari ni karibu mita 3,700.

Hapo ndipo sauti inapoingia. Ndani ya maji, sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mwendo huo huongezeka kwa mita 4 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo, sauti ikifika mapema kuliko zamani kwa njia ile ile, tunajua maji yaliyo njiani yamepata joto.

Mwaka 1991 mwanasayansi wa Marekani Walter Munk na wenzake walizamisha vipaza sauti vikubwa karibu na kisiwa cha Heard, kusini mwa Bahari ya Hindi. Sauti ilisikika hadi kwenye pwani za Marekani. Majaribio ya aina hiyo, hata hivyo, yalizua hofu kwamba kelele zingewadhuru nyangumi.

Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Wenbo Wu wa Taasisi ya Teknolojia ya California walichapisha njia nyingine: kusikiliza kelele ambazo dunia hupiga yenyewe. Tetemeko likitokea karibu na kisiwa cha Nias, Sumatra, sehemu ya mtikisiko huingia majini kama sauti. Sauti hiyo huvuka karibu kilomita 3,000, hugonga kisiwa cha Diego Garcia, na hapo hugeuka tena kuwa mtikisiko wa ardhi unaonaswa na mitambo ya kupimia matetemeko. Safari yote huchukua kama nusu saa.

Siri iko kwenye matetemeko pacha, yaani yale yanayotokea mahali pale pale, kwa namna ile ile, miaka tofauti. Vituo vya nchi kavu huthibitisha kwamba yanafanana na yalitokea saa ngapi. Kinachobaki ni kulinganisha muda wa safari. Maji ya njia nzima yakiongezeka joto kwa sehemu 1 tu ya 100 ya nyuzi, sauti huwahi kwa takriban sehemu 5 za 100 za sekunde.

Matokeo yao kwa miaka ya 2005 hadi 2016 yalionyesha kwamba eneo hilo la bahari lilikuwa likiongezeka joto kwa nyuzi 0.044 kila miaka kumi, kasi kubwa kuliko ile iliyokadiriwa kwa maboya.

Na chumvi? Nayo huongeza mwendo wa sauti: gramu 1 zaidi katika kila kilo ya maji huongeza kama mita 1.3 kwa sekunde. Sauti peke yake haiwezi kutuambia ni joto au ni chumvi. Lakini kwenye vilindi chumvi hubadilika kidogo sana, hivyo mabadiliko mengi ya mwendo ni ya joto. Pale chumvi inapohitaji kujulikana hasa, bado lazima kifaa kiteremshwe majini.

Njia hii haichukui nafasi ya maboya. Inatupa wastani wa maelfu ya kilomita, si joto la sehemu moja. Lakini haihitaji meli wala mlipuko, na kumbukumbu za matetemeko ya miongo iliyopita bado zipo. Ndani yake mna habari za joto la bahari la miaka ambayo maboya ya Argo hayakuwepo.